Sam Ntiro: Mchoraji wa Machame aliyeubeba mlima wake hadi Makerere, London na New York

Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1923 na kufariki dunia mwaka 1993, ni miongoni mwa wachoraji wa mwanzo wa Afrika Mashariki ambao kazi zao zilivuka bahari. Alisoma na kufundisha Makerere, picha zake zikaoneshwa London na kununuliwa New York, naye akaiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza mara baada ya uhuru. Hatimaye alirejea nyumbani kuhudumia utamaduni na kufundisha vijana. Katika safari hiyo yote, awe Kampala au London, alichokichora kilikuwa karibu kitu kimoja: maisha ya Wachagga katika mlima alikozaliwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Nakivale na Mbarara, habari za Ntiro zina uzito wa pekee. Wengi wao wametoka katika nchi za milima: Masisi na Rutshuru, nyanda za juu za Uvira na Minembwe, au vilima vya Burundi na Rwanda. Ntiro naye aliuchora mlima wake akiwa mbali nao. Tofauti kati yake na mkimbizi ni kubwa, na haifai kufichwa: yeye aliondoka kwa ajili ya masomo na kazi, na njia ya kurudi ilibaki wazi. Hata hivyo, kazi yake inajibu swali ambalo wengi walio mbali na kwao hulibeba kimyakimya: je, kumbukumbu ya mtu kuhusu kwao ni kitu cha kuheshimiwa na kuhifadhiwa, au ni simanzi tu ya aliye ugenini?

Mlima wenye watu

Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, ndicho kilele kirefu kuliko vyote barani Afrika. Wageni wengi walioupiga picha na kuuchora mlima huo walisimama mbali, wakaonesha theluji ya Kibo juu na wanyama wa mbugani chini. Katikati ya theluji na mbuga palikuwa na ukanda ambao picha hizo ziliupita bila kuutazama, nao ndio ukanda wanakoishi watu.

Huko ndiko iliko Machame. Familia ya Kichagga huishi ndani ya kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba na kurithiwa kizazi hata kizazi. Juu husimama miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na karibu na nyumba ng'ombe hulishwa majani yaliyokatwa na kubebwa hadi zizini. Maji huletwa kutoka mitoni kwa mifereji iitwayo mifongo, iliyochimbwa na mababu na kutunzwa kwa zamu. Kazi zinazozidi nguvu za kaya moja hufanywa kwa msaragambo, watu wa kijiji wakijitokeza pamoja. Msikilizaji kutoka Rwanda atakumbuka umuganda. Yule wa Kongo atakumbuka salongo, ingawa salongo ya enzi za Mobutu ilikuja na sura ya amri.

Ntiro alikulia katika jamii iliyokuwa ikibadilika haraka. Wamisionari wa Kilutheri walikwisha kufika Machame tangu mwaka 1893, wakafungua makanisa na shule. Kahawa ilikuwa imeanza kuleta fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakulima wa Kichagga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, kilichokuja kuwa mojawapo ya vyama mashuhuri vya ushirika barani Afrika. Mtoto wa Machame wa wakati huo aliyaona mambo ya kale na mapya yakiishi katika kihamba kimoja.

Makerere na somo la kufumba macho

Ntiro alifika Makerere, Kampala, katikati ya miaka ya 1940. Mafunzo ya sanaa yalikuwa yameanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell, ambaye mwaka 1937 alianza kuwafundisha wanafunzi wachache nyumbani kwake. Kutokana na madarasa hayo madogo ilizaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Njia ya Trowell ilikuwa ya namna yake. Hakuwawekea wanafunzi chungu mezani na kuwaamuru wakinakili. Aliwasimulia tukio, kwa mfano mavuno, safari au sherehe, kisha akawaachia wachore kile walichokiona akilini. Aliamini kwamba Mwafrika hakuhitaji kuanza kwa kuiga kanuni za uchoraji wa Ulaya. Wako waliomkosoa kwa sababu hiyo, wakisema kuwa kumkinga mwanafunzi na elimu ya wengine ni namna nyingine ya kumfanya mtoto. Kwa Ntiro, hata hivyo, mlango uliofunguliwa ulimfaa. Alikuwa na hazina ya mambo ya kukumbuka, na hapa palikuwa na mwalimu aliyeihesabu kumbukumbu kuwa mahali halali pa kuanzia.

Baada ya masomo alibaki Makerere akawa mwalimu. Alifundisha pamoja na Gregory Maloba, mchongaji kutoka Kenya, ambaye ndiye aliyeunda mnara wa uhuru wa Uganda uliosimama katikati ya Kampala tangu mwaka 1962. Waafrika hao wawili, mmoja wa brashi na mwingine wa patasi, walikuwa katika kundi la kwanza la walimu wa sanaa wenyeji wa eneo hili katika ngazi ya chuo.

Uganda ilimpa pia mwenza. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alimwoa Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima, Bunyoro, ambaye mwaka 1954 alihitimu Oxford na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Sarah Ntiro anakumbukwa nchini Uganda kwa jambo lingine pia: alipoona kwamba mwalimu mwanamke analipwa mshahara mdogo kuliko mwanamume mwenye kazi ileile, alisema ni afadhali afundishe bila malipo kuliko kukubali dharau hiyo. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda kabla ya uhuru, na alifariki mwaka 2018.

London: jicho la kupima na jicho la kukumbuka

Mwaka 1952 Ntiro alikwenda London kusoma katika Slade, mojawapo ya shule za sanaa zenye heshima kubwa Uingereza. Mkuu wa shule wakati huo alikuwa William Coldstream, mchoraji aliyejulikana kwa kupima kila kitu kwa jicho. Mwanafunzi alisimama mbele ya mtu au kiti, akanyoosha mkono akiwa na brashi, akalinganisha urefu na upana, ndipo akaweka alama kwenye turubai. Ukweli wa picha ulitokana na kilichokuwapo mbele ya macho.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba miaka mitatu ya mafunzo hayo ingembadilisha kijana wa Machame. Haikuwa hivyo. Picha zake za baada ya Slade ziliendelea kuonesha vilima vilivyojikunja kama mgongo wa ng'ombe, migomba iliyopangwa safu kwa safu, njia nyembamba zikipanda na kushuka, na watu wadogo wengi wakifanya kazi pamoja. Watu hao kwa kawaida hawana sura za kutambulika mmoja mmoja. Kinachotambulika ni kazi yao na jinsi walivyosimama wakiifanya. Walio mbali hawapungui sana kimo, na kilima hakiishii kwenye ukungu kama katika picha za Kiingereza. Kila kitu kiko karibu, kama kinavyokuwa karibu kwa mtu anayekikumbuka.

Ni katika miaka hiyohiyo ya London ndipo kilipotoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga, kilichochapishwa na Eagle Press mwaka 1953. Jambo hili huelezwa mara chache anapotajwa kama mchoraji, nalo lina maana kubwa. Mtu aliyeketi mbali na nyumbani alikuwa akiandika kwa kalamu, katika lugha ya watu wake na majirani zao, mambo yaleyale aliyokuwa akiyaweka kwenye turubai. Kwa hiyo picha zake zisomwe pia kama kazi ya mtu aliyejua desturi kwa undani na aliyetaka zihifadhiwe. Aliyezichora hakuwa akibahatisha.

Mwaka 1955 kazi zake zilioneshwa katika Piccadilly Gallery, London. Kwa mchoraji wa Afrika Mashariki wa wakati ule, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza, lilikuwa tukio la nadra.

Pombe ya bibi harusi yafika New York

Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1956. Imechorwa kwa rangi za mafuta, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku". Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York, liitwalo kwa kifupi MoMA, liliinunua mwaka 1960. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo za mchoraji wa kisasa kutoka Afrika kuingia katika hazina ya jumba hilo.

Pombe hiyo ni mbege, inayopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Kwa Wachagga mbege ina kazi inayozidi kunywewa. Huomba ndoa, hupatanisha waliogombana, huwaheshimu wazee na kuwakumbuka waliotangulia. Anayeipeleka kwa wakwe amebeba neno la ukoo mzima. Jambo hili halihitaji kuelezwa sana kwa mtu wa Nakivale. Ankole wana tonto, Burundi wana urwarwa, Rwanda wana urwagwa, na Kivu wanaijua kasiksi. Kote huko pombe ya ndizi imekuwa na kiti chake katika posa na harusi. Mtazamaji wa New York alihitaji maelezo ili aielewe picha ya Ntiro, ilhali mwanakijiji wa Isingiro, aliyezungukwa na mashamba ya matoke, huenda akaielewa kabla ya kusoma jina lake.

Njia iliyozifikisha kazi zake Marekani ilipitia pia Harmon Foundation, taasisi ya New York iliyojulikana kwa kuwasaidia wasanii Wamarekani Weusi, na ambayo kuanzia miaka ya 1950 iliwatafuta wasanii wa Afrika na kuwatambulisha kwa umma wa huko. Taasisi hiyo ilifungwa mwaka 1967, na kazi ilizokusanya zikagawanywa kwa vyuo na makumbusho mbalimbali nchini Marekani.

Mchoraji anapokuwa balozi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nchi changa ilihitaji watu waliosoma na waliozoea kusimama mbele ya wageni, nao hawakuwa wengi. Ntiro aliteuliwa kuwa balozi wake London, akakaa katika wadhifa huo hadi mwaka 1964. Mji aliouingia kama mwanafunzi kutoka nchi iliyotawaliwa, sasa aliurudia kama mwakilishi wa nchi huru.

Aliporejea nyumbani alikuwa Kamishna wa Utamaduni wa Tanzania, na katika miaka ya 1970 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufundisha sanaa. Hiyo ilikuwa enzi ya Ujamaa, iliyosifu kazi ya pamoja. Picha za Ntiro zenye vikundi vya watu wakilima, wakivuna na kuchota maji zilionekana kuafikiana na wakati huo. Ila yafaa kukumbuka mpangilio wa miaka: alianza kuichora kazi ya pamoja ya Wachagga zaidi ya muongo mmoja kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Alikuwa akichora msaragambo wa utotoni, na siasa ikamkuta njiani.

Alikosolewa kwa lipi?

Wakosoaji wa Ntiro walikuwapo tangu mwanzo. Wapo waliosema uchoraji wake ni wa kitoto, kwamba hajui kuonesha umbali, kwamba viungo vya watu wake havina mifupa. Suala hilo lilizidi uzito Makerere baada ya Trowell kustaafu mwaka 1958. Mrithi wake, Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, aliielekeza shule kwenye mafunzo yaliyofuata zaidi mkondo wa Ulaya: kuchora kwa kutazama, elimu ya rangi, na historia ya sanaa ya Magharibi. Wanafunzi wengi walinufaika na ukali wa mafunzo hayo. Hata hivyo, mabadiliko hayo yaliifanya njia ya Ntiro ionekane kwa wengine kama hatua iliyokwisha kupitwa.

Ukosoaji mwingine ni mzito zaidi. Katika picha za Ntiro ni shida kuukuta utawala wa kikoloni, kodi, ugomvi wa ardhi au njaa. Kijiji chake kina amani na mavuno. Je, huko si kuipamba kumbukumbu? Swali hilo ni la haki, na anayekumbuka kwao akiwa mbali anajua kuwa moyo huchagua. Anayemtetea anaweza kujibu kwamba mashamba, mifongo na mbege vilikuwapo kweli, kwamba katika picha za wageni wa zama zile mlima ulikuwa kama hauna wenyewe, na kwamba mtu aliyepitia Slade na bado akachora kwa namna ile alikuwa amechagua, wala hakuwa ameshindwa. Ukosoaji na utetezi huo vyote viwili vina nafasi mbele ya picha zake.

Waliokuja baada yake

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu katika Kilimanjaro hiyohiyo, alisoma Makerere katika miaka ya 1950. Ndiye aliyechora ukutani maisha ya Yesu katika mandhari ya Kikuyu kwenye kanisa kuu la Murang'a, Kenya, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965.

Karibu zaidi na Mbarara ni Jak Katarikawe, mtoto wa vilima vya Kigezi, ng'ambo ya Ntungamo kwa anayeelekea Kabale. Hakupata elimu rasmi ya sanaa, na maelezo ya maisha yake humtaja Ntiro miongoni mwa waliomtia moyo na kumpa mafunzo. Katarikawe alisifika kwa ng'ombe wa ndotoni, wenye rangi za zambarau na buluu, wanaopendana na kuoneana wivu kama watu. Aliishi na kufanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2018.

Mwaka 2020, jumba la Haus der Kunst la Munich, Ujerumani, liliziweka kazi za Ntiro, Njau, Katarikawe na wengine pamoja katika maonesho yaliyobeba jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho. Yaliandamana na maonesho ya Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Kenya, ambaye amewataja wachoraji hao wa eneo letu kuwa ni waliomtangulia.

Ntiro kwa msomaji wa Nakivale

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Ntiro akifundisha Kampala, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Vizazi kadhaa vimepita Base Camp, Juru na Rubondo, na wako waliozaliwa hapo ambao milima ya wazazi wao wanaijua kwa masimulizi tu.

Kwao, njia ya Ntiro ina somo lililo wazi. Hakuanza na kilele. Alianza na njia ya kwenda mtoni, mpangilio wa migomba, nani hubeba nini siku ya harusi, na watu wangapi huhitajika kufungua mfereji. Mambo hayo mzee yeyote anaweza kumsimulia kijana, na kijana akayachora hata kama hajayaona, kama walivyofanya wanafunzi wa Trowell. Kalamu ya risasi na karatasi vinatosha kuanzia. Desturi za Wachagga nacho kinakumbusha kwamba asiyeweza kuchora anaweza kuandika, tena kwa Kiswahili.

Anayetaka kutazama zaidi anaweza kuiona picha ya mwaka 1956 kwenye tovuti ya MoMA. Anayefika Kampala anaweza kutembelea jumba la maonesho la Makerere, linalotunza kazi za vizazi vya wasanii waliopitia shule hiyo.

Maisha yake kwa ufupi

1923: Azaliwa Machame, Kilimanjaro.
Miaka ya 1940: Asoma Makerere, kisha aanza kufundisha hapo.
1952–1955: Asoma Slade, London.
1953: Kitabu chake Desturi za Wachagga chachapishwa.
1955: Aonesha kazi zake Piccadilly Gallery, London.
1960: MoMA ya New York yanunua picha yake ya mwaka 1956.
1961–1964: Awa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza.
Baadaye: Awa Kamishna wa Utamaduni, kisha mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.
1993: Afariki dunia.